Vipepeo wa Shangazi, Kushoto na Kulia

9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku kwetu hatujambo, isipokuwa kaka yako. Goti linamsumbua na hataki kusikia habari ya fimbo. Anasema fimbo ni ya wazee, huku akitoka sebuleni mpaka chooni kwa kushika ukuta, na ukuta sasa una mstari wa mafuta ya kuchulia usawa wa kiuno. Mdogo wangu kajifungua salama, mtoto wa kike, nywele nyingi, hasira nyingi. Kila anayekuja kumwona anasema kakurithi wewe. Mimi sijasema kitu.

Ningepiga simu, lakini nakujua. Utasema "haya, sema haraka," halafu utakata kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Na jambo lenyewe linataka nafasi, kwa hiyo vaa miwani.

Nilikwambia nimepata kazi makumbusho, idara ya wadudu, nikaogopa nitakuwa mtu wa kufuta vumbi. Basi Profesa, ndiye mkubwa wetu, kaniweka mbele ya kompyuta yenye programu mpya, na tangu hapo hata chakula cha mchana nakumbushwa na wenzangu. Inafanya hivi. Unampiga picha kipepeo akiwa ametandazwa. Kwenye bawa la mbele la kushoto unaweka nukta kila mahali mishipa ya bawa inapokutana, kisha unaweka nukta zilezile kwenye bawa la kulia. Programu inalipindua bawa la kulia, kama unavyopindua glavu ya kuoshea vyombo ikawa ya mkono mwingine, na kulilaza juu ya lile la kushoto. Inaondoa ukubwa. Inaondoa mkao. Linabaki umbo tupu. Halafu inaligawa umbo hilo mafungu mawili: kile ambacho mabawa yote mawili yanacho sawasawa, ndicho kinachomtofautisha kipepeo huyu na jirani yake, na kile ambacho bawa moja linacho na lenzake halina.

Mimi na akili zangu nilidhani kipepeo ni sawa kushoto na kulia. Kumbe hapana, shangazi. Kila mmoja amepinda kidogo kwa namna yake. Profesa anaamini kiwavi aliyepata shida utotoni hutoka na mabawa yasiyopatana, na anatafuta vipepeo wa aina moja, waliokamatwa mahali pamoja, miaka mingi mfululizo, ili aone kama kupinda huko kunaongezeka. Kasema hakuna mtu mwenye kitu kama hicho.

Nikamwambia yupo. Ni shangazi yangu, anafundisha baiolojia.

Sasa nisikilize. Uliniambia chumba chako cha baiolojia kinageuzwa chumba cha kompyuta, na masanduku yako ya vipepeo yasipopata pa kwenda ifikapo Septemba yatatupwa. Makumbusho hayapokei mkusanyo wa mtu kwa sababu tu ni mzuri. Yanapokea ule unaotumika kwenye utafiti. Vipepeo wako wakifaa kwa kazi hii, Profesa atawapeleka mbele ya kamati, na watapata kabati lao hapa, lenye jina lako, na hakuna mkuu wa shule atakayewagusa tena. Nitumie masanduku machache tu ya kuanzia. Nakuomba.

Mtoto wako,
Bi Maswali


28 Februari

Bi Maswali mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi mdogo wako kajifungua salama. Huyo mtoto asinirithi hasira, arithi miguu. Hasira mimi sikuzaliwa nazo, nilizipatia kazini. Kaka yangu mwambie anunue fimbo. Mwambie nimesema mimi, na akibisha mwambie nitakuja nayo mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisahihisha nukta na mkato, mara ya pili nikaelewa, mara ya tatu nikaenda kufungua kabati.

Unataka kujua wamekamatwaje. Andika vizuri, usiniharibie. Kila mwaka, wiki ileile baada ya mvua kukatika, mlima uleule nyuma ya shule, upande wa jua la asubuhi. Weupe wenye ncha nyeusi, basi, wengine wote tunawaachia. Nilianza na darasa la watoto thelathini, kila mtoto na wavu wake. Miaka ya mwisho darasa lilikuwa limefurika, wavu mmoja watoto watano, wanagombania mpini. Lakini wanafunzi wangu hawavunji bawa. Hilo nalo liandike. Wakaguzi wanapita shule nyingine wanakuta vipepeo waliochanika kama tiketi ya basi, wakifika kwangu wanazunguka sanduku, hawaoni dosari. Wananiuliza siri ni nini. Nawaambia nidhamu.

Watoto wakimaliza kuwabandika kwenye pini, Fundi, mtunza maabara wetu, alikuwa akiyapeleka masanduku kule chumba chake cha nyuma ya maabara. Anakaa nayo siku kadhaa, anaweka dawa ya wadudu, anaziba vioo, ananirudishia yanang'aa. Unamkumbuka alivyokuwa. Shule nzima ilimwita Fundi, na hata mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilimwita Fundi. Tangu afariki, mwaka wa nne huu, sijapanda tena mlimani na wavu. Sikuwa na hamu.

Nakutumia masanduku matatu kwa basi la vifurushi: la mwaka wa kwanza, la katikati na la mwisho. Mengine yanabaki hapa, siliamini basi kiasi hicho. Usiwaguse kwa vidole. Usiwapigie chafya. Habari ya chumba usiniulize, chumba kipo.

Shangazi yako


27 Machi

Shangazi,

Shikamoo mbili, moja ya leo na moja ya akiba, maana nikianza nitasahau adabu. Nyumbani wote wazima. Mtoto analia kwa zamu na jogoo wa jirani. Masanduku yamefika bila ufa.

Nina habari, na nimeshindwa kusubiri zikae sawa.

Nimewapiga picha wote. Nimewawekea nukta wote, kisha siku nyingine nikawawekea tena bila kutazama zile za kwanza, ili nijue mkono wangu unakosea kiasi gani. Unakosea kidogo sana. Nikaiachia programu ifanye kazi yake, nikaenda kuchota maji ya kunywa, narudi nakuta mchoro kwenye kioo cha kompyuta, kila kipepeo kawa alama moja. Vipepeo wako wengi wamejazana pamoja katikati, tofauti ya kushoto na kulia ndogo, ya kawaida. Lakini wapo waliojitenga mbali kabisa. Mabawa yao hayapatani hata kidogo, na kwa macho tu huwezi kuwatambua, ni wazuri kama wenzao. Sasa sikia: sanduku la mwaka wa kwanza hakuna hata mmoja. La katikati wapo. La mwisho wamejaa.

Nikamwita Profesa. Huyu ni mtu ambaye hasimami hata mkurugenzi akiingia. Kasimama, shangazi. Kasogeza kiti kwa mguu, kainama mpaka pua ikagusa kioo, akasema "huo mlima umepatwa na nini?" Kisha akarudia, polepole. Hajawahi kuona kitu kinapanda namna hii. Kamati inakaa mwisho wa Juni na anataka kuwaonyesha hili kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyekuwepo. Mlima umepatwa na nini? Niandikie kila kitu, hata kile unachodhani ni cha kipuuzi. Mimi leo nimerudi nyumbani kwa miguu kwa sababu nilishindwa kukaa kwenye kiti cha basi nikatulia.

Bi Maswali


19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba zote mbili. Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni na nimeunguza sufuria. Sufuria haina maana.

Jumamosi nilipanda mlimani. Peke yangu, na viatu vya mvua, na nilipofika juu nilikaa chini nikacheka kwa kuhema. Nimekuletea watuhumiwa watatu. Wa kwanza ni moto uliounguza upande wa juu wote, lakini ule ulikuwa mapema mno, na majani yalirudi msimu uleule. Wa pili ni mnara wa simu. Mwalimu wa fizikia anaushuku sana, lakini yeye anashuku kila kitu chenye waya. Wa tatu ndiye wangu: machimbo ya kokoto. Yalianza madogo, mtu na nyundo yake, na yakaongezeka mwaka hadi mwaka mpaka zikaja mashine. Vumbi linashuka juu ya vichaka ambavyo viwavi wanakula. Mimi mwenyewe nimepitisha kidole kwenye jani kikatoka cheupe. Yalivyoongezeka machimbo ndivyo wanavyoongezeka hao wako waliopinda. Mwambie Profesa.

Na lingine. Nilimwambia Mkuu wa shule, kwa siri, na yeye akalitangaza mbele ya shule nzima. Kasema mkusanyo wa shule yetu unaenda makumbusho na utaeleza siri ya mlima. Watoto wakapiga makofi. Mwalimu wa hesabu, aliyezoea kuyaita masanduku yangu makaburi, siku hizi ananisalimia kabla sijamwona. Mkuu kaniambia niandae hotuba ya kuagwa kwangu nitakapostaafu na niweke habari hii mwanzoni. Mwanangu, nimefundisha maisha yangu yote, na sikuwahi kudhani nitaondoka kwa namna hii. Nimefurahi mpaka najiogopa.

Shangazi yako


20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nyumbani ni wazima.

Kazi inaendelea. Habari za machimbo nimezisoma, ahsante.

Baba kaniambia alikuja mtu kutoka huko, akamweleza kwamba kitanda chako kimejaa masanduku na wewe unalala kwenye kochi. Ina maana chumba kilishachukuliwa kitambo. Mbona hukuniambia?

Swali dogo. Fundi alikuwa akifanya nini hasa na masanduku kule chumba cha nyuma, zaidi ya dawa na vioo?

Bi Maswali


29 Mei

Bi Maswali,

Marahaba.

Nimesahihisha madaftari mengi kuliko nywele ulizonazo kichwani. Mtoto asiyejua jibu anaandika mengi, anazunguka, anachora pembeni. Mtoto anayelijua na hataki kulisema anaandika kama ulivyoandika wewe. Mtu aliyewahi kuniandikia kurasa nne kuhusu panya leo ananipa nusu ukurasa, na ndani yake kamtia mume wangu.

Kochi langu ni zuri, liache. Nilikuficha kwa sababu ungeanza kulia kwenye simu.

Sema ulichokiona.

Shangazi yako


8 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mtoto, baba, wote wazima. Nasema sasa, kwa mpangilio, kama ulivyonifundisha.

Wale waliojitenga walinikaa kichwani. Nilidhani nimekosea nukta, nikawarudia, wakabaki palepale. Nilidhani ni picha, nikawageuza na kuwapiga upya, palepale. Mwisho nikamchukua mmoja wa sanduku la mwisho nikamweka chini ya hadubini, pale bawa la kulia linapoungana na mwili. Kuna gundi. Tone dogo sana, safi, limelainishwa mpaka likafuata mkunjo wa kifua. Na chini ya gundi kuna kisiki cha bawa lake la mwanzo, lililokatika.

Bawa lile si lake. Ni la kipepeo mwingine.

Nikawatazama wote waliojitenga. Wote wana gundi, wengine kushoto, wengine kulia. Mtu alichukua mabawa ya vipepeo walioharibika kabisa na kuwavalisha wale waliokatika bawa moja. Alichagua bawa la ukubwa uleule, weupe uleule, hata ncha nyeusi zinalingana. Ndiyo maana macho hayaoni, yako, yangu, ya wakaguzi. Lakini ukubwa aliohangaika kuulinganisha programu inauondoa kwanza kabla ya yote, na rangi haiitazami. Inatazama mishipa inapokutana, na mishipa ya kipepeo mmoja haipatani na ya mwingine.

Kwa hiyo kilichopanda mwaka hadi mwaka si vumbi la machimbo. Darasa lilivyofurika na wavu mmoja ukashikwa na watoto watano, mabawa yalikatika zaidi, na kila yalipokatika kulikuwa na mtu wa kuyarudishia. Wewe umeniandikia mwenyewe masanduku yalikuwa yanakaa kwa nani.

Sikusema mapema kwa sababu nilijua umeshawaambia shule nzima. Profesa bado hajui. Nitamwambia Jumatatu, kabla ya kamati, siwezi kumwacha asimame mbele ya watu na kitu ambacho mimi najua si kweli. Naogopa sana, shangazi. Kamati ikisikia gundi inaweza kuwakataa vipepeo wote, wazima na waliotengenezwa, na mimi niliyetaka kuwaokoa ndiye nitakuwa nimewatupa.

Lakini pia lazima niseme hili. Nimemwita mwenzangu, mtu wa wadudu miaka mingi, nikampa kipepeo mmoja nikamwambia tafuta bawa la kuazima. Katafuta na lenzi, kageuza, kachagua lisilo lenyewe. Sijawahi kuona kazi ya mikono kama hii, na nimeshindwa kuchukia.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Mtoto wako


14 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Umeninyamazia. Simu inaita mpaka inachoka. Baba anasema ulimjibu yeye, ukamwambia uko hai, usumbuliwe baadaye. Basi nakuandikia hivyohivyo, ukikasirika kasirika, lakini usome mpaka chini, kwa sababu huko chini kuna habari, na si ya huzuni.

Nilimwambia Profesa. Kavua miwani, kaweka jicho kwenye hadubini, kakaa hapo muda mrefu mpaka nikafikiri amesinzia. Kisha akauliza, "Huyu mtu yuko hai?" Nikasema hapana. Akasema "pole." Sikutegemea.

Kisha akasema tuwatoe waliotengenezwa, turudie hesabu na wazima tu. Tukawatoa. Ile tofauti ya kushoto na kulia iliyokuwa inapanda ikalala chini kabisa, mwaka wa kwanza na wa mwisho sawa. Viwavi wa mlima wako hawana shida yoyote. Nikaona ndiyo basi, yamekwisha, nikanyoosha mkono nizime mashine.

Profesa akasema, "Na lile fungu lingine?"

Unakumbuka mafungu mawili? Lile la kile ambacho mabawa yote mawili yanacho pamoja tulikuwa hatujalifungua, tulikuwa tumekodolea macho kupinda tu. Nikalifungua. Shangazi, mabawa yanakuwa membamba na marefu. Kushoto na kulia kwa pamoja, kidogo kidogo, kutoka sanduku la kwanza hadi la katikati hadi la mwisho, kwa mstari ulionyooka mpaka nikadhani nimebonyeza kitu kibaya. Nimerudia mara nyingi. Ni kweli. Vipepeo wa mlima wenu wanabadilika umbo, na hakuna jicho lingeliona, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyepanda mlima mmoja wiki ileile miaka yote hiyo. Mtu wa kuokota hapa na pale asingekuwa na hili. Ni ukali wako.

Kamati imekaa. Profesa aliwaambia yote, na gundi, na aliwaambia gundi hiyo nayo ina faida: tuna vipepeo ambao tunajua kwa hakika bawa moja si lao, kwa hiyo tunaweza kuijaribu programu tuone inakamata wangapi. Mzee mmoja wa kamati alinuna. Wengine waliinuka kuja kutazama hadubini, wakapanga foleni.

Wamekubali, shangazi. Kabati lipo. Lina jina lako.

Wana sharti. Waletwe waliobaki wote, na kila aliyetengenezwa aandikwe hivyo kwenye kibandiko chake. Na yule aliyenuna anataka mabawa ya kuazima yabanduliwe, yawekwe kwenye bahasha, kila kipepeo abaki na kilicho chake. Kwa hilo wanahitaji ridhaa yako, kabla ya mwisho wa Agosti. Usiponijibu hawatapokea kitu, na wewe utabaki kochini.

Nijibu basi.

Mtoto wako,
Bi Maswali


6 Agosti

Bi Maswali, mwanangu,

Marahaba. Nimekuumiza kwa kukaa kimya, najua. Sikuwa na la kuandika, nilikuwa na kazi.

Mwanzo nilikasirika. Nilikukasirikia wewe siku moja, kisha nikamkasirikia yeye wiki nzima. Miaka yote ile nimesimama mbele ya wakaguzi nikisema nidhamu, nidhamu, na mume wangu yuko pembeni anafuta vikombe vya maabara, uso mkavu. Angeweza kuniambia. Nyumbani hakuwahi hata kushona kifungo cha shati, nilimshonea mimi, alisema vidole vyake vikubwa. Nikajiuliza nimeishi na nani.

Kisha nikachukua lenzi ya mkononi, nikasogeza kochi dirishani, nikafungua sanduku la kwanza lililokuwa kitandani. Nilitaka nione mwenyewe, sikuamini mashine. Nikatafuta siku ya kwanza sikupata, ya pili sikupata. Siku ya tatu jua lilipiga upande, nikaona kitu kinang'aa chini ya bawa, kidogo kama ute wa konokono. Nikamjua papo hapo. Ndivyo alivyokuwa akimalizia kila kitu, mpini wa jembe, mguu wa meza, alilainisha ukingo kwa ncha ya kidole kilicholowa. Nililia pale kochini mpaka jirani akagonga.

Tangu hapo nimekuwa nikimtafuta. Simu nilikuwa naisikia, lakini sikutaka kunyanyua kichwa. Nimepitia masanduku yote, kipepeo kwa kipepeo, na kila niliyemkuta na mkono wa Fundi nimemfunga uzi mwekundu kwenye pini. Nimefika hatua ya kucheka peke yangu. Kuna mmoja kamvalisha mabawa mawili ya kuazima, maskini hana lake la mbele hata moja, na bado kasimama vizuri kuliko wote. Na nimeelewa pia kwa nini hakusema. Watoto walikuwa wakivunja bawa wananiogopa, wanampelekea yeye. Shuleni kote mtu pekee aliyekuwa hawapigii kelele alikuwa yeye.

Shuleni nimewaambia. Nilisimama mbele ya watoto nikasema machimbo hayana kosa, tulikosea, na jibu la kweli ni zuri zaidi. Mwalimu wa hesabu karudi kuwa alivyokuwa, sijali. Mabawa marefu na membamba, eti? Kwa nini marefu? Usinijibu hujui, jitahidi. Nikistaafu nitapanda tena na wavu, mwambie Profesa masanduku hayajaisha.

Sasa ridhaa. Masanduku yote yatafika na gari la kukodi, mimi nikiwa nimekaa nayo nyuma. Waandike kila aliyetengenezwa, ni haki. Lakini hakuna bawa litakalobanduliwa, hata moja, na huyo mzee aliyenuna nitazungumza naye mwenyewe nikifika. Kwenye kibandiko waandike waliokamata ni wanafunzi, aliyewasimamia ni mimi, na chini yake waandike aliyewatengeneza ni Fundi. Bila hayo nawarudisha kitandani na mimi narudi kochini.

Na nina ombi moja. Jicho langu limeishia kwenye hao wenye uzi. Lako la mashine linaona zaidi. Wapitishe wote, hata ambao sikuwafunga, hasa hao. Kisha niambie kama wapo wengine. Nataka wawepo.

Shangazi yako


25 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nashukuru ulivyofika na ulivyoondoka salama. Yule mzee wa kamati bado anauliza unarudi lini, na sauti yake si ya mtu anayetaka ugomvi tena. Sharti la kubandua limefutwa. Kibandiko cha kwanza nimekiandika kwa mkono wangu, majina yote matatu yamo kama ulivyotaka.

Nimemaliza kuwapitisha jana. Nilianza na wenye uzi, programu imewakamata karibu wote, Profesa anapiga meza kwa furaha. Kisha nikaanza wasio na uzi, sanduku moja moja, mlango nimefunga.

Wapo, shangazi. Wapo hata kwenye masanduku ya miaka ya mwanzo, mlipokuwa hamjaoana. Wa Fundi wasio na uzi ni wengi kuliko wenye uzi.

Mtoto wako